Maisha ya John Hunter, Tabibu Aliyepasua Masikio ya Nyangumi

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kulisikia jina la Edward Jenner, yule tabibu Mwingereza aliyefanya chanjo ya ndui mwaka 1796. Wachache, nadhani, wanamjua mwalimu wake. Mwalimu huyo aliitwa John Hunter, na ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mtoto aliyeichukia shule, na watu wa namna hiyo hawakosekani katika mabweni yetu. Pili, katika watu wote wa zamani niliosoma habari zao, sikumwona mwingine aliyejitaabisha kama yeye kuujua mwili wa nyangumi na pomboo. Na mambo ya sikio la wanyama hao ni ya ajabu, kama mtakavyoona.

John Hunter alizaliwa mwezi wa Februari mwaka 1728 katika shamba liitwalo Long Calderwood, karibu na East Kilbride, nchi ya Uskoti. Alikuwa kitinda mimba, mtoto wa kumi. Baba yake, aliyekuwa mtu mzima sana, alifariki mwaka 1741, na mtoto akabaki na mama yake. Wenzake walipokuwa wakikariri Kilatini, yeye alikuwa vichakani akitazama mawingu, nyasi na viota vya ndege, na kuwasumbua wakubwa kwa maswali ambayo hakuna aliyeona faida ya kuyajibu, kama vile kwa nini majani hugeuka rangi wakati wa baridi ukikaribia. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliacha shule. Kwa muda alikwenda Glasgow kumsaidia shemeji yake aliyekuwa seremala wa samani. Hapo hakuna mtu ambaye angalimtazama na kusema kwamba siku moja jina lake litawekwa pamoja na majina ya wafalme.

Alikuwa na kaka yake, William, aliyemzidi miaka kumi. William alikuwa msomi, mtu wa adabu na mavazi mazuri, na huko London alikuwa na shule ya kufundisha habari za mwili wa binadamu. Mwaka 1748 John alimwandikia akiomba kazi, akapanda farasi akaenda London. William akampa mkono wa maiti ili aupasue na kuionyesha misuli yake. Kazi ilipokwisha, William aliona kwamba mdogo wake, ambaye hakujua kuandika barua iliyonyoka, alikuwa na vidole vya fundi. Akampa mkono mwingine, ambao mishipa yake ya damu ilikuwa imejazwa nta ya rangi, na huo nao akaufanya vizuri. Basi hapo ndipo alipopata kazi yake, akaikalia miaka kumi na miwili.

Hapana budi niseme wazi jinsi maiti hizo zilivyopatikana, maana wako wanaoandika habari za Hunter wakapita hapa kwa haraka. Sheria ya Uingereza wakati ule iliwapa matabibu maiti za wauaji walionyongwa tu, nazo hazikutosha. Kwa hiyo walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kufukua makaburi usiku na kuuza maiti kwenye shule za utabibu. Makaburi ya maskini ndiyo yaliyofukuliwa zaidi, kwa sababu matajiri waliweza kuweka walinzi na masanduku ya chuma. John Hunter alikuwa mnunuzi wa maiti hizo. Nitalirudia jambo hili.

Wakati huo huo alijifunza upasuaji katika hospitali za London, chini ya mabwana William Cheselden na Percivall Pott, ambao walikuwa mashuhuri. Mwaka 1755 alipelekwa Chuo Kikuu cha Oxford ili apate kuwa bwana msomi kama kaka yake. Hakukaa hata miezi miwili. Walitaka kumjaza Kilatini na Kiyunani, naye hakutaka, akaondoka.

Mwaka 1760 aliingia jeshini akiwa daktari wa upasuaji, na mwaka uliofuata akapelekwa kwenye vita vya kisiwa cha Belle Île, pwani ya Ufaransa. Desturi ya madaktari wa wakati ule ilikuwa kupanua jeraha la risasi kwa kisu na kuchokora ndani mpaka risasi itoke. Hunter aliwaona askari wa Ufaransa waliopigwa risasi wakajificha siku kadhaa bila kutibiwa na mtu, nao wakapona vizuri kuliko wale waliochokorwa. Tangu siku ile aliwaambia watu kwamba jeraha la risasi lisipanuliwe bila sababu. Walimcheka.

Baada ya hapo alipelekwa Ureno, mwaka 1762, na huko ndiko lilikotokea jambo ninalolipenda kuliko mengi. Watu walikuwa wakibishana kama samaki husikia au hawasikii, maana hawana masikio ya nje. Karibu na Lisbon, katika bustani ya mtu mmoja mkubwa, kulikuwa na bwawa lililojaa samaki. Hunter akalala ukingoni akiwatazama wakiogelea, akamwomba rafiki yake aende kujificha nyuma ya vichaka na kupiga bunduki, ili samaki wasione moto wala moshi. Bunduki ikalia. Papo hapo samaki wote wakatoweka, likabaki wingu la tope. Wengine wangaliandika kurasa mia za ubishi. Yeye alitumia risasi moja. Hata hivyo hakutosheka. Aliporudi Uingereza aliendelea kuvipasua vichwa vya samaki, na mwaka 1782 akatoa maelezo ya kiungo chao cha kusikia mbele ya Royal Society, chama kikuu cha wataalamu wa sayansi huko London, ambacho yeye alikuwa amekwisha kuingizwa mwaka 1767.

Alirudi London mwaka 1763 akiwa hana fedha. Alifanya kazi pamoja na daktari wa meno, akaandika kitabu juu ya meno ya binadamu kilichotoka mwaka 1771. Mwaka 1768 alichaguliwa kuwa mpasuaji katika Hospitali ya St George's. Mwaka 1771 akamwoa Anne Home, mwanamke mwenye elimu aliyetunga mashairi, na mashairi yake mengine yalitiwa muziki na mtunzi mkuu Joseph Haydn. Walizaa watoto wanne, wawili wakafa wangali wadogo. Nyumba yao ilikuwa ya namna ya pekee. Upande wa mbele Bi Anne aliwakaribisha waandishi na wapiga vinanda. Upande wa nyuma walipitishwa maiti na wanyama waliokufa.

Na nje ya mji, mahali paitwapo Earl's Court, Hunter alikuwa na shamba la wanyama walio hai. Siku moja chui wawili walikata minyororo wakaingia ua wa mbwa. Mmoja alikuwa akipanda ukuta apate kutoka, mwingine amezungukwa na mbwa. Hunter akatoka nyumbani bila silaha, akawakamata wote wawili, akawarudisha bandani. Baada ya kufunga mlango ndipo alipofikiri alichokitenda, akatetemeka nusura azimie.

Kazi yake ya hospitali ilimletea sifa kubwa. Kulikuwa na ugonjwa wa mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti: mshipa huvimba kama puto, na siku ukipasuka mtu hufa. Waendesha magari ya farasi waliupata sana. Dawa ilikuwa kuukata mguu, na wengi walikufa kwa kukatwa huko. Hunter alikwisha kuona, katika kuchunguza pembe za kulungu wachanga wa bustani ya mfalme, kwamba mshipa mkubwa wa damu ukifungwa, mishipa midogo ya kando hupanuka na kuibeba damu. Basi mwezi wa Desemba 1785 alimpasua mwendesha gari mmoja juu kidogo ya goti, pajani, akaufunga mshipa mahali palipokuwa pazima, bila kuukata mguu. Baada ya wiki sita mtu yule alitoka hospitali akitembea kwa miguu yake miwili.

Lakini hakuwa mtu wa kupatia kila mara. Katika habari za magonjwa ya zinaa aliamini kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja, akafanya jaribio lililomthibitishia kosa hilo, na kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa, matabibu wengine walimfuata upotovuni kwa miaka mingi baada ya yeye kufa.

Sasa nifike kwa nyangumi.

Hunter alitaka kujua jinsi kiungo kimoja kinavyobadilika kutoka mnyama hata mnyama: moyo wa chura, moyo wa ndege, moyo wa ng'ombe, moyo wa mtu. Nyangumi walimvuta zaidi, kwa sababu wana umbo la samaki, lakini damu yao ni ya moto, wana mapafu, huzaa na kunyonyesha. Shida ilikuwa kuwapata. Nyangumi huletwa na bahari pale anapopenda mwenyewe, na akikaa pwani siku mbili ameoza. Hunter alimlipa daktari mmoja kwa fedha zake ili asafiri katika merikebu ya wavuvi wa nyangumi mpaka bahari ya Greenland, amletee viungo vilivyohifadhiwa. Fedha zikaenda nyingi. Alicholetewa ni kipande cha ngozi ya nyangumi chenye vidudu vilivyojishikiza juu yake.

Basi alitegemea wale waliokuja wenyewe. Mwaka 1783 nyangumi mwenye pua kama chupa, urefu wake futi 21, aliingia mto Thames akakamatwa juu ya Daraja la London, katikati ya mji. Hunter akapewa ruhusa ya kumchunguza. Alimwandikia Jenner, aliyekuwa amerudi kwao karibu na mto Severn, akimwomba amtafutie kalunguyeye, mayai ya kekeo, na hata pomboo. Pomboo wa bahari ya Uingereza si sawa na wale wanaoonekana Kizimkazi, Unguja. Wa Kizimkazi wana mdomo mrefu na meno yaliyochongoka. Yule wa Uingereza ni mfupi, kichwa chake ni butu, na meno yake ni bapa kama koleo ndogo. Nitamwita pomboo butu, ili tusichanganyikiwe. Pomboo butu walikuwa wengi karibu na pwani, nao kwa udogo wao waliweza kuletwa mezani wakiwa hawajaoza.

Mwaka 1787 Hunter alitoa mbele ya Royal Society maelezo marefu juu ya maumbile ya nyangumi, na mwaka huo huo chama kikampa nishani yake kubwa. Katika maelezo hayo aliwaweka pamoja pomboo butu, nyangumi wa mto Thames, na nyangumi wengine aliopata kuwapasua, akieleza ngozi, mafuta, tumbo, moyo, na sikio. Aliona kwamba sikio la nyangumi lina sehemu zile zile za sikio la mnyama wa nchi kavu. Tundu la nje ni dogo mno, hata mtu asiyejua halioni. Kiwambo kipo, vifupa vya ndani vipo, mrija wa kuingiza hewa upo. Lakini mfupa ule unaolibeba sikio ni mgumu kuliko mifupa mingine, tena haukuunganika na fuvu la kichwa kama wetu. Umeshikiliwa kando yake tu. Aliona yote hayo kwa kisu, macho na subira. Hapakuwa na picha za eksirei, na darubini za wakati ule hazikuweza kumwonyesha mengi.

Niwaeleze basi yale ambayo wataalamu wa baadaye wameyaona katika mfupa huo huo, maana bila hayo mtu hawezi kujua Hunter alikuwa ameshika kitu gani mkononi.

Ndani ya sikio lolote la mnyama anyonyeshaye kuna mrija uliojikunja kama konokono, ambao wataalamu huuita koklea. Ndani ya mrija huo umetandikwa utando mrefu mwembamba. Sauti ikiingia, utando hutetemeka: sauti nyembamba huutikisa mwanzoni, ulipo mwembamba na mgumu, na sauti nene huutikisa mwishoni, ulipo mpana na laini. Juu ya utando huo zimepangwa chembe za kusikia, ambazo Mwitaliano Alfonso Corti alizieleza mwaka 1851. Koklea ya mtu hujizungusha mara 2 na nusu na kuzidi kidogo. Ya pomboo butu hujizungusha mara 1 na nusu tu. Ya pomboo mwenye mdomo mrefu ni kati ya hizo, kama mara 2 na robo. Mtu angedhani kwamba aliyepungukiwa mizunguko amepungukiwa na usikivu. La, sivyo. Utando wa pomboo butu mwanzoni mwake ni mwembamba sana, tena umebanwa na ukingo wa mfupa huku na huku, kama ngozi ya ngoma iliyokazwa barabara. Ngoma iliyokazwa hutoa mlio mwembamba, nayo huupokea. Sisi twasikia sauti zenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, zaidi ya hapo ni kimya kwetu. Pomboo butu hutoa milio midogo yenye mitetemo yapata 130,000 kwa sekunde, na kuusikia mwangwi wake ukirudi kutoka kwa samaki. Nyuzi za fahamu zitokazo katika koklea yetu ni kama 30,000; zake ni zaidi ya 60,000.

Nyangumi wote wenye meno wana namna hii ya kutafuta kwa mwangwi, lakini masikio yao si ya umbo moja. Pomboo butu, na pomboo wa mto Amazon, wamewekwa kundi la wale wenye sauti nyembamba kabisa. Wale pomboo wa bahari kuu wenye mdomo mrefu wana sikio la namna nyingine, ambalo kingo za mfupa hazikuendelea mbali, nao hutumia sauti za mapana zaidi. Kwa hiyo mtaalamu akipewa mfupa wa sikio peke yake, hata wa mnyama aliyekufa zamani akageuka jiwe, aweza kukadiria mwenyewe alisikia sauti gani. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa.

Kuna na jingine. Karibu na koklea iko mifereji mitatu midogo iliyopinda, ambayo kazi yake si kusikia bali kuujulisha ubongo kichwa kinapogeuka. Ukizungushwa sana ukaona kizunguzungu, ni maji ya mifereji hiyo. Kwa nyangumi mifereji hiyo ni midogo mno. Hata ya nyangumi mkubwa kuliko wote, yule wa buluu, haifikii ukubwa wa ile ya binadamu. Mpasuaji mmoja wa Uholanzi, Petrus Camper, aliyeishi wakati mmoja na Hunter, aliitafuta mpaka akasema kwamba nyangumi hana kabisa. Wataalamu hudhani imepungua kwa sababu shingo ya wanyama hawa haipindi, na kwa sababu hujigeuza majini kwa kasi ambayo mifereji mikubwa isingeivumilia.

Na lile tundu dogo la nje ambalo Hunter alilifuata kwa uangalifu mpaka kwenye kiwambo, leo twajua kwamba si njia kubwa ya sauti. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Kenneth Norris alionyesha kwamba sauti huingia kwa njia ya taya la chini, ambalo ndani lina uwazi uliojaa mafuta, na mafuta hayo huipeleka mpaka kwenye mfupa wa sikio. Ndiyo maana mfupa huo ukatengwa na fuvu: sauti isije ikazunguka kichwa chote, mnyama asijue imetoka kulia au kushoto.

Nilipokuwa nikisoma mambo haya niliwakumbuka pomboo waliokufa Nungwi, Unguja, mwezi wa Aprili mwaka 2006. Mamia yao walikutwa maji machache, wamekufa, na wataalamu waliochunguza hawakupata sababu moja ya hakika. Lakini mtu aliyekwisha kujua jinsi sikio la mnyama huyu lilivyotengenezwa kwa uangalifu, hawezi kusikia baruti za wavuvi haramu zikilia baharini akafikiri kwamba ni samaki tu wanaoumia.

Nimerudi kwa Hunter. Mwaka 1783 alihamia nyumba kubwa Leicester Square, akajenga humo ukumbi wa makumbusho. Alilala saa nne tu kwa siku, akaanza kupasua kabla ya jua kuchomoza. Fedha zote alizopata kwa matajiri alizitia katika makumbusho yake, yakafikia vitu karibu 14,000.

Mwaka huo huo wa 1783 alifariki London kijana wa Ireland aliyeitwa Charles Byrne, mwenye umri wa miaka 22, mrefu kupita watu wote wa mji, aliyekuwa akijionyesha kwa malipo. Byrne alijua kwamba wapasuaji wanamngoja. Alipoona mauti yanakuja aliwasihi rafiki zake wamtie katika jeneza la risasi na kumtosa baharini, asipate kuchukuliwa. Rafiki zake walisafiri na jeneza mpaka pwani, wakalizamisha. Lakini ndani hapakuwa na Byrne. Njiani watu wa Hunter walikuwa wamekwisha kutoa rushwa, yasemekana paundi 500, na maiti ilikuwa imepelekwa Earl's Court. Hunter aliichemsha upesi ili ibaki mifupa, akaificha kwa miaka.

Tulijadili habari hii katika chama chetu cha mdahalo muhula huu. Upande mmoja ulisema kwamba bila watu kama Hunter mpasuaji wa leo asingejua wapi pa kukata, na mwendesha gari yule angekatwa mguu au kufa. Hayo ni kweli. Mimi nilisema upande wa pili, na bado niko upande huo. Kwetu maiti ni amana kwa walio hai, wala wasia wa mtu hauvunjwi kwa sababu mvunjaji ana akili nyingi. Pomboo na kulungu hawakuacha wasia, Byrne aliacha. Tena mtaalamu yule yule aliyejua kungoja miaka mpaka mto umletee nyangumi, angaliweza kungoja mtu aliyekubali. Nataka kuisomea kazi ya udaktari nikijaliwa, na najua kwamba nitasoma mambo aliyoyafumbua Hunter. Ndiyo sababu siwezi kulipita jambo hili kimya.

Hunter alikuwa na ugonjwa wa moyo, na alijua kwamba hasira yoyote yaweza kumwua. Tarehe 16 Oktoba 1793, katika mkutano wa wakubwa wa Hospitali ya St George's, alikuwa akiwatetea wanafunzi wawili waliotaka kuingia. Mtu mmoja akampinga kwa maneno makali. Hunter akatoka chumbani akijizuia, akaanguka, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 65, na aliacha madeni.

Makumbusho yalibaki mikononi mwa kijana mmoja, William Clift. Huyu alikuwa mtoto wa maskini kutoka Bodmin, upande wa magharibi ya Uingereza. Alifika kwa Hunter tarehe 14 Februari 1792, siku aliyotimiza miaka 17, akakubaliwa bila ada kwa sharti la kuandika na kuchora. Hunter alipokufa, Clift alilipwa shilingi saba kwa wiki kuvilinda vitu vile vyote. Aliishi hivyo miaka sita, wakati chakula kilipokuwa ghali kwa sababu ya vita, akibadilisha dawa za kuhifadhia katika chupa na kufuta vumbi, ili kitu kisiharibike. Mwaka 1799 serikali ilinunua makumbusho kwa paundi 15,000 na kuwapa wapasuaji wayatunze.

Maandishi ya Hunter yalikuwa na mwisho mwingine. Shemeji yake, Everard Home, naye mpasuaji, aliyachukua kwa hoja kwamba atatengeneza orodha ya vitu vya makumbusho. Miaka ikapita, orodha haikutoka. Ikatoka mihadhara na makala nyingi zenye jina la Home. Mwaka 1823 akayachoma moto. Kazi ya mtu ya miaka arobaini ikaishia jikoni. Lakini Clift, katika miaka yake ya upweke, alikuwa amenakili sehemu kubwa kwa mkono wake, kurasa baada ya kurasa, bila kuamriwa na mtu. Nakala hizo ndizo zilizobaki. Miaka baadaye aliitwa mbele ya wajumbe wa Bunge akaeleza jinsi maandishi yalivyochomwa. Mara nyingi nimefikiri juu ya kijana huyu, mwenye umri kama wangu, amekaa peke yake usiku kati ya mifupa na chupa, akinakili.

Mwaka 1859 jeneza la Hunter lilitafutwa katika chumba cha chini cha kanisa la St Martin-in-the-Fields, likahamishiwa Westminster Abbey. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliyaangukia makumbusho, na sehemu kubwa ya vitu alivyokusanya ikateketea. Vilivyookoka ni yapata 3,500. Mifupa ya Byrne ilikuwa miongoni mwa vilivyookoka. Iliendelea kusimama ndani ya kioo mpaka mwaka 2017, makumbusho yalipofungwa kwa matengenezo. Yalipofunguliwa tena mwaka 2023 mifupa ile haikurudishwa mbele ya watu, ila wenye makumbusho walisema kwamba wataitunza kwa ajili ya uchunguzi. Baharini haikupelekwa.